Hati ya ridhaa ya mzazi kwa mtoto anayehamia nje: huduma tatu za Dar kwenye mizani

Kwenye steshenari za katikati ya mji, kuanzia Posta hadi jirani na mahakama ya Kisutu, kuna karatasi ya ukurasa mmoja ambayo mchapaji anayo tayari kwenye kompyuta. Anafuta jina la mteja aliyepita, anaandika la mtoto wako, namba ya pasipoti na jina la nchi, kisha anaichapa. Unavuka barabara kwa kamishna wa viapo, muhuri unagongwa, na chai uliyoacha mezani bado ina joto. Karatasi hiyo inasema mzazi fulani "anaridhia mtoto asafiri". Mtoto anayekwenda kwa shangazi yake Dubai wiki tatu za likizo, inamtosha kabisa. Anayehama moja kwa moja haimfai hata kidogo, na kasoro iko kwenye kitenzi. Afisa wa viza aliyeshika faili la makazi ya kudumu anatafuta sentensi inayosema mzazi anayebaki anajua kwamba mtoto anakwenda kuishi huko, si kutembea.

Hapa Dar huduma hii inapatikana kwa namna tatu: mchapaji na muhuri, ofisi ya wakili anayeshughulika na mambo ya familia, na njia ya ustawi wa jamii na mahakama, kwa wale ambao mzazi mwenzao amekataa kusaini au hajulikani alipo. Hatutaji ofisi kwa majina. Kazi hii inategemea zaidi wakili aliyelishika faili kuliko bango lililo mlangoni, na ofisi moja inaweza kuwa na wakili makini na mwingine anayegonga muhuri huku anaongea na simu.

Mchapaji na muhuri: nyota mbili kati ya tano, na mbili hizo ni za kasi. Kosa la kwanza liko chini kabisa ya ukurasa. Hati ya kiapo inatakiwa ionyeshe imeapwa wapi, tarehe ipi na mbele ya nani. Sheria ya wathibitishaji wa hati na makamishna wa viapo inataka mambo hayo yaandikwe kwenye sehemu ya kiapo yenyewe. Karatasi za steshenari huacha nukta hapo: "Imeapwa Dar es Salaam leo tarehe ....... mwezi ......." Muhuri unagongwa juu ya nukta tupu, mteja anashukuru, anaondoka. Kasoro hiyo mahakama zetu zimeitumia mara nyingi kutupa viapo, na ubalozi ukiiona hauna haja ya kukueleza sheria. Unaandika tu kwamba hati haijakamilika.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Mama analeta karatasi iliyokwisha kusainiwa: "Baba yake yuko kazini, kaniachia." Kamishna akigonga muhuri hapo, amethibitisha kwamba mtu ameapa mbele yake ilhali hajamwona hata kwa dirishani. Ubalozi unaweza kumpigia baba simu. Akijibu "karatasi gani?", hata kama alisaini kweli na amesahau, faili la mtoto linaingia doa la udanganyifu, na doa hilo husomwa tena kwenye kila ombi litakalofuata.

Wakili wa familia ndiye wa kulipwa pesa ya maana, mradi afanye kazi inayostahili jina hilo. Kabla ya kuandika neno lolote anaomba nyaraka: cheti cha kuzaliwa cha mtoto kutoka RITA, kitambulisho cha NIDA au pasipoti ya kila mzazi, cheti cha ndoa au hukumu ya talaka kama ipo, pasipoti ya mtoto, na barua au fomu ya nchi mtoto anakokwenda. Akianza kuandika bila kuona cheti cha kuzaliwa, shukuru, chukua begi lako, tafuta mwingine. Cheti ndicho kinachosema ridhaa inatakiwa kwa nani. Kama jina la baba limo, ubalozi utamtafuta baba huyo hata kama hakuwahi kufunga ndoa na mama. Kama amefariki, kinachotakiwa ni cheti cha kifo, si barua ya baba mdogo. Bibi aliyemlea mtoto miaka kumi ana heshima yake, lakini sahihi yake haisimami mahali pa mzazi aliye hai, isipokuwa mahakama imempa malezi kwa amri.

Kwenye majina ndiko kazi nyingi zinakokwama. Cheti kinasema Mohamed, NIDA inasema Muhammad, pasipoti ina majina mawili badala ya matatu, na babu kwenye cheti kimoja ni Hamisi, kwenye kingine ni Hamis. Mtaani hayo ni jina moja. Kwa afisa aliyeko Sheffield au Ottawa ni watu wawili. Wakili mzuri analiona hilo siku ya kwanza na kuandaa kiapo cha majina kinachosema wazi kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja, kikiambatana na kopi ya kila hati inayotajwa. Tofauti ikiwa kubwa zaidi, mathalani mtu alibadili jina la ukoo, inatakiwa hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, na hapo kiapo peke yake hakitoshi.

Halafu kuna laminesheni. Sijui nani aliwaambia watu wa mji huu kwamba cheti cha kuzaliwa kinatunzwa kwa kufungwa kwenye nailoni. Cheti kilichofungwa hivyo hakigongeki muhuri, na hati inayokwenda nje inahitaji mihuri, mara nyingi nyuma ya karatasi. Ukilibandua lile plastiki kwa pasi, unatoka na cheti kilichokunjamana na wino uliohama. Omba kingine RITA kupitia mfumo wao wa mtandaoni, na omba uhakiki wa cheti hapohapo.

Turudi kwenye hati yenyewe. Hati ya kuhamia inayosimama huwa na kurasa mbili au tatu, na ndani yake kuna mambo ambayo karatasi ya steshenari haina. Inasema mtoto anahamia nchi gani, mji gani, ataishi na nani na uhusiano wao ni upi. Inasema ni makazi ya kudumu, kwa maneno hayohayo. Inasema nani atasimamia shule, matibabu na pasipoti yake huko. Inaeleza mzazi anayebaki atawasiliana na mtoto vipi, siku zipi, na likizo ipi mtoto atarudi, nauli ikilipwa na nani. Kipengele hiki mawakili wavivu hukiacha, wakisema ubalozi haukihitaji. Wanasahau kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto ambaye wazazi wake wametengana haki ya kumtembelea na kukaa na mzazi ambaye haishi naye. Hati inayoinyamazia haki hiyo inajitafutia mgogoro.

Matunzo nayo yaandikwe, na hapa tahadhari inahitajika. Kuna wanaofanya biashara ya "nisainie, sitakudai matunzo tena". Matunzo ni haki ya mtoto. Mzazi mmoja hana uwezo wa kuisamehe kwa niaba yake, na mahakama haifungwi na mapatano ya namna hiyo. Vilevile baba anayedai "hela ya sahihi" asilipwe. Ridhaa iliyonunuliwa inaweza kukanwa siku yoyote kabla ya viza kutoka, kwa barua pepe moja tu kwenda ubalozini, na muamala wa simu ukawa ushahidi dhidi ya aliyelipa.

Kipimo chetu kikuu cha wakili ni namna anavyomkabili mzazi anayebaki. Aliye makini anamwomba mama atoke nje kidogo. Anafunga mlango, anamsogezea baba karatasi na kumuuliza kwa Kiswahili cha kawaida: "Baba Zawadi, umeelewa kwamba hapa si kutembea? Mtoto anahama." Kisha ananyamaza amsikie. Baba akisema "si atarudi akimaliza shule?", wakili anaweka kalamu chini, kwa sababu baba huyo bado hajaridhia kuhama, ameridhia kitu kingine. Ofisi inayosainisha bila mazungumzo hayo imeuza karatasi, haijatoa huduma.

Wakili huyohuyo anapaswa kumwambia baba jambo ambalo mama angependa lisisemwe: Tanzania haimo kwenye Mkataba wa The Hague wa mwaka 1980 unaohusu watoto wanaochukuliwa au kuzuiliwa nje ya nchi yao. Uingereza, Kanada, Marekani, Ujerumani na Australia zimo, lakini mkataba hufanya kazi baina ya nchi zilizomo. Mtoto akishahamia huko na asirudishwe likizo kama walivyopatana, baba hana ule utaratibu wa haraka wa kuomba arejeshwe. Itabidi afungue shauri kwenye mahakama za huko, kwa gharama za huko. Anayesaini akiwa analijua hili ameridhia kweli.

Hati inayokwenda nje huandikwa Kiingereza, na mzazi anayesaini huenda hakisomi. Basi kiapo kiwe na sentensi inayosema yaliyomo yamesomwa na kufafanuliwa kwake kwa Kiswahili na ameyaelewa, pamoja na jina na sahihi ya aliyefafanua. Bila hiyo, siku akisema "mimi niliambiwa ni karatasi ya shule", hakuna wa kumbishia. Asaini kila ukurasa, si wa mwisho tu, na sahihi ifanane na ile ya kwenye kitambulisho chake. Wengi husaini NIDA kwa herufi mbili za haraka halafu kwenye hati wanachora sahihi ya harusini. Afisa akiziweka pamoja anaona watu wawili.

Kila nchi ina mambo yake, na hapo ndipo utajua kama wakili amefanya kazi hii au anajifunzia kwako. Kanada ina fomu yake, IMM 5604, ya mzazi asiyehama. Barua nzuri kiasi gani haichukui nafasi yake, na kopi ya kitambulisho cha mzazi huyo iambatane nayo. Kanada pia ina mtego mwingine: mtoto ambaye baba yake amekataa ahame bado anatakiwa kutajwa kwenye ombi la makazi la mama na kufanyiwa uchunguzi wa afya kama wenzake. Akifichwa ili faili liende haraka, mama anaweza kukosa kabisa haki ya kumwombea baadaye kama mtoto wa familia. Australia inatumia fomu 1229. Marekani, kwa mtoto wa chini ya miaka 16 mwenye uraia wake anayeombewa pasipoti, mzazi asiyeweza kufika hujaza DS-3053 mbele ya mthibitishaji, na fomu hiyo hudumu miezi mitatu tu tangu isainiwe. Watu huisaini mapema "iwepo", miadi ikifika imeshakufa. Sheria ya ukaazi ya Ujerumani inataja wazi ridhaa ya mzazi mwenye haki ya malezi, au uamuzi wa mamlaka husika badala yake.

Uingereza ndiyo inayowaangusha wengi, na huangushwa na hati iliyoandikwa vizuri mno. Mtoto anayemfuata mzazi mmoja huko, huku mwingine yuko hai na anabaki, kwa kawaida hutakiwa kuonyesha kwamba mzazi anayemfuata ndiye mwenye wajibu wa pekee juu ya maisha yake, au kwamba kuna sababu nzito sana za kumfuata. Sasa wakili anayetaka kupendeza anaandika: "Wazazi wote wawili wameshirikiana kumlea na kuamua kila jambo kwa pamoja." Sentensi tamu, na imeua ombi. Hati iseme ukweli wa nani alichagua shule, nani alilipa ada, nani alimpeleka hospitali, nani alisaini fomu. Kama kweli mliamua pamoja, usidanganye. Tafuta njia nyingine ya viza, kwa mfano mama na baba kuhama wote, badala ya kubuni historia.

Baada ya kusaini kuna safari ya mihuri. Tanzania haimo kwenye mkataba wa Apostille, ambao nchi zilizomo hukubaliana hati kwa cheti kimoja cha uhakiki, hivyo hakuna stika moja inayomaliza kazi. Hati iliyothibitishwa na wakili hupelekwa Wizara ya Mambo ya Nje kuhakikiwa, kisha ubalozi wa nchi husika kama unahitaji kuihalalisha. Balozi nyingine hazihitaji hatua hii kwa maombi ya viza, nyingine huihitaji baadaye mtoto akisajiliwa huko. Uliza kwanza, usilipe mihuri isiyotakiwa. Na kabla ya kumpa wakili kazi, hakiki kama ana leseni ya mwaka huu kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Wakili aliyeacha leseni ipite ana muhuri mzuri tu wa mpira.

Kuhusu bei, ofisi hutofautiana sana, na hatuoni aibu ya kupatana. Dai mchanganuo wa maandishi: kuandika hati, kuapisha, kuthibitisha kopi, kiapo cha majina, safari ya wizarani, ada za serikali, kila kimoja kivyake. Ada za serikali ulipe mwenyewe kwa namba ya malipo, na dai risiti ya mashine kwa ile sehemu ya wakili. Pasipoti ya mtoto Uhamiaji ni shilingi 150,000, yaani 20,000 ya fomu na 130,000 ya kitabu. Anayekutajia mara mbili ya hiyo kwa "kuharakisha" anajua anakokupeleka. Kwa jumla, wakili wa familia anayefanya hayo yote tunampa nyota nne na nusu. Nusu iliyopungua ni kwa sababu karibu wote hawamwambii mteja hati zinachukua siku ngapi mpaka aulize mara ya tatu.

Baba akiwa nje, mathalani Muscat au Dubai, asitume karatasi kwa WhatsApp. Aende ubalozi au ubalozi mdogo wa Tanzania uliopo huko na kitambulisho chake, asaini mbele ya afisa, atume hati halisi kwa mtu anayekuja au kwa kampuni ya vifurushi. Picha ya karatasi kwenye simu si hati.

Njia ya tatu ni ya mzazi aliyekataliwa, au ambaye mwenzake kapotea. Inachosha, lakini karatasi inayotoka ndiyo nzito kuliko zote. Kwanza yale yasiyotosha: karatasi ya talaka ya msikitini, barua ya kanisa, na fomu ya baraza la usuluhishi wa ndoa si amri za malezi. Wala usitegemee ile kauli ya mtaani kwamba "chini ya miaka saba mtoto ni wa mama". Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaweka dhana tu kwamba mtoto mdogo hivyo ni heri akae na mama. Dhana hiyo hupingwa kwa ushahidi, na haisemi lolote kuhusu kumhamisha nchi.

Mama au baba aliyewahi kuwa na ndoa na kesi ya talaka huelekea Kituo Jumuishi cha Masuala ya Familia kilichopo Temeke. Maombi ya malezi chini ya Sheria ya Mtoto huenda Mahakama ya Watoto, na ile ya Kisutu inajulikana zaidi. Mahakama ya Watoto husikiliza faragha, na afisa ustawi wa jamii huandaa taarifa ya uchunguzi wa mazingira ya mtoto. Mrahisishie afisa huyo kazi: mpelekee picha za nyumba mtoto atakayoishi huko, barua ya shule iliyompokea, ushahidi wa kipato, na namba za simu za ndugu wa pande zote mbili. Mtoto mwenye umri wa kuelewa huulizwa maoni yake, basi asifundishwe majibu. Maafisa hawa wamesikia watoto wengi waliofundishwa.

Kosa linalorudiwa kila mwezi liko kwenye ombi lenyewe. Mzazi anaomba malezi, anapewa malezi, anarudi nyumbani kwa furaha, ubalozi unamuuliza: ruhusa ya kumtoa Tanzania iko wapi? Amri ya malezi isiyotaja kuhama haijibu swali hilo, na wakati mwingine amri hubeba sharti la kutomtoa mtoto nchini. Omba mambo mawili kwa kuyataja: malezi, na ruhusa ya kumhamishia mtoto nchi fulani kwa makazi ya kudumu. Kama mwenzako hajulikani alipo, onyesha ulivyomtafuta: kwa ndugu zake, serikali ya mtaa alikokuwa akiishi, kazini kwake, na tangazo gazetini mahakama ikiamuru hivyo.

Amri ikitoka kwa Kiswahili itahitaji tafsiri. Usimpe mpwa anayejua Kiingereza. BAKITA (Baraza la Kiswahili la Taifa) na TATAKI, taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wanafanya tafsiri za nyaraka, na tafsiri iambatane na amri iliyogongwa muhuri wa mahakama, si fotokopi ya fotokopi. Nyota nne kwa njia hii. Ya tano imeliwa na foleni na tarehe zinazoahirishwa.

Kitu cha mwisho cha kumdai wakili yeyote ni hati halisi tatu, zote zimesainiwa kwa kalamu na kuapwa siku moja: moja ya ubalozi, moja ya kubeba mkononi mpaka dirisha la Uhamiaji pale uwanja wa ndege, na moja ya mzazi anayebaki. Ofisi nyingi humpa fotokopi, au zinamsahau kabisa kwa kuwa si yeye aliyelipa. Likizo ya Desemba ikipita bila mtoto kuletwa, karatasi hiyo ndiyo pekee atakayokuwa nayo mkononi.